Mama, Usiache Vidonge kwa Ajili ya Unga wa Kopo

Leeds, Uingereza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na natumaini nyote hapo Pumwani hamjambo, ijapokuwa ujumbe wako wa sauti wa Jumapili umeninyima usingizi. Umeniambia kwa furaha kwamba umepungua kilo tatu kwa wiki moja tangu uache ugali, chapati na mahamri, na kwamba yule mama wa chama aliyekuuzia unga wa kopo wa kutoa sumu mwilini amekuahidi kuwa ukimaliza kopo la pili utaachana na vidonge vya ugonjwa wa sukari. Najua si adabu mtoto kumfundisha mamaye mambo ya jikoni, na hata upishi ninaolipwa mshahara kwao katika makao haya ya wazee niliujulia kwako. Lakini hilo la vidonge limenilazimu kuandika.

Nianze na zile kilo tatu, kwa kuwa ndizo zilizokufanya uamini. Mizani haikusema uongo, ila kilichopungua kwa sehemu kubwa ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu zipatazo tatu za maji. Mtu akiacha wanga ghafla, akiba huliwa na maji yake hutoka kwa mkojo, ndiyo maana wiki ya kwanza huwa ya maajabu na wiki ya nne huwa ya manung'uniko. Wauzaji wa makopo wanaifahamu sana hiyo wiki ya kwanza.

Ama hiyo sumu, muulize kwa upole inaitwaje. Kusafisha damu ni kazi ya ini na figo, usiku na mchana, na mwenye kisukari ana sababu zaidi ya kuzionea huruma figo zake asizitwishe unga usioandikwa kilichomo. Maji ya limau hayana ubaya, lakini hayayeyushi mafuta, na asali unayoyatilia ni sukari tu, hata ikiwa imetoka Baringo.

Tukiwa kwenye limau, kuna daktari wa meli wa hapa Uingereza, James Lind, ambaye mwaka 1747 aliwachukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuvuja damu, akawagawa wawili wawili, wote wakila mlo ule ule, kisha kila jozi akaiongezea kitu chake: wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine machungwa na malimau. Waliopata machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Angewapa wote machungwa, asingejua kama kilichowafaa ni tunda au ni mapumziko. Mama wa chama ana shangazi yake mmoja aliyepona. Hana hao wengine wa kulinganisha naye, wala hatuambii kama shangazi aliendelea kumeza dawa.

Kinachonitia hofu ni kwamba kimojawapo cha vidonge vyako, glibenklamaidi, huusukuma mwili utoe insulini hata siku ambayo hukula wanga. Ukikimeza huku umejinyima chakula, sukari yaweza kushuka mno, ukatokwa na jasho, ukatetemeka, hata ukapoteza fahamu. Na ukikiacha, yaweza kupanda. Basi usikipunguze kwa shauri lake wala kwa langu. Nenda kliniki wiki hii, kopo mkononi, uwaeleze ulivyobadili mlo. Ukihisi mtetemeko kabla ya hapo, kunywa mara moja maji yenye sukari vijiko vya chai vitatu au vinne, kisha ule kitu.

Ugali haujakukosea, Mama. Nakumbuka sahani zetu: ugali ulikaa kama mlima na sukuma wiki ikajibanza pembeni kama mgeni asiyealikwa. Geuza hesabu hiyo. Nusu ya sahani iwe sukuma, managu au terere. Robo iwe maharagwe, ndengu au omena. Robo iliyobaki ndiyo ugali, na unga wa posho mill usiokobolewa ni bora, kwa maana pumba zake hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Mahamri usiyafukuze nyumbani, ila yasiwe ya kila asubuhi.

Adui hasa ni vinywaji. Juzi nilisoma kibandiko cha soda ya mililita 500, nikapima sukari ile ile kwenye mizani ya jikoni: gramu 53, vijiko vya chai kama 13, kilima kizima juu ya kisahani. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku nzima, na ikiwa nusu yake ni vizuri zaidi. Chai yetu ya kupikiwa sukari ndani ya sufuria haimwachii mtu nafasi ya kupima. Bora kila mmoja atie mwenyewe kikombeni, nawe usitie.

Fedha ulizoomba za kopo la pili nimezituma, lakini nakusihi uzinunulie vile vijikaratasi vya kupimia sukari. Pima asubuhi kabla ya kula, andika katika kile kidaftari cha kijani, na Ijumaa mwambie Zuhura akipige picha anitumie.

Mwanao,
Hamisi