Shoga, kula unyonyeshe

Assalaam alaykum kipenzi,

Hujambo wewe, mtoto hajambo, shemeji je? Sisi huku Tandika alhamdulillah, joto tu ndo linatuua, usiku feni inapuliza upepo wa moto na masika bado inajivuta. Voisi yako niliisikiliza nikiwa nanyonyesha, nikairudia, nikaona hili sio la kujibu kwa voisi maana ningeongea nusu kadogo kaanze kulia na nusu ilobaki nisahau, kwahiyo leo nimekaa nakuandikia, watoto wamelala, baba Swabra yupo tarawehe, vyombo viko kwenye beseni vinanisubiri na vitasubiri.

Naanza na lile kubwa. Unasema mama mkwe anakutizama jicho la pembeni kwa vile hujafunga Ramadhani hii, ukaona haya, ukaanza kufunga, na sasa maziwa yamepungua mtoto analia usiku kucha. Shoga, fungua. Kesho asubuhi kunywa uji wako bakuli zima mbele yake, bismillah, unyonyeshe. Mungu mwenyewe katoa ruhusa sie nani tuikatae? Mgonjwa na msafiri wametajwa kwenye Suratul Baqara kabisa, na mashekhe wakamuingiza mjamzito na mnyonyeshaji humohumo. Sisi wa Shafii tulivyofundishwa ni hivi, ukila kwa kujihofia mwenyewe, au wewe pamoja na mtoto, unadaiwa siku zako tu utakuja kuzilipa. Ukila kwa kumhofia mtoto peke yake unalipa siku na juu yake unatoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku uliyokula. Kibaba ndo robo ya ile pishi tunayotoa zakatul fitri, wala sio kitu cha kumfilisi shemeji. Kama una wasiwasi muulize shekhe wa msikiti wa karibu hapo, usimuulize mama mkwe, samahani lakini.

Na kwenye kulipa usijitie presha. Bi Aisha mke wa Mtume alikua anazilipa zake mpaka Shaabani inafika, sembuse wewe mwenye kichanga. Mi za kwangu naandika nyuma ya daftari la kikoba, baba Swabra anajua, akiniona nimenuna ananiambia madeni yako yanakusumbua eeh.

Halafu kuna la kliniki. Manesi si wametuimbia sote, maziwa ya mama peke yake miezi 6, hata maji usimpe. Sasa hayo maziwa yatatoka wapi kama toka alfajiri mpaka magharibi hujatia kitu mdomoni, na sisi huku hata Ramadhani izunguke vipi kila mwaka kurudi nyuma siku 10 au 11, masaa ni yaleyale 13 na ushee. Kuna wanaofunga wananyonyesha na mtoto ananenepa tu, mashaallah, hao maziwa yao yana baraka zake. Wewe mwili umeshakwambia, usikilize.

Mi mwenzio mwaka huu nimepata cheo. Unajua nyumba yetu hii uani tunapika wanne, sasa wote wamefunga isipokua mimi, basi ikifika saa 10 jioni nasikia tu “mama Swabra njoo unionjee chumvi!” Naenda na kadogo mgongoni, naletewa kijiko cha mchuzi wa changu, naletewa magimbi, naletewa tambi, nasema ongeza, nasema imetosha, nasema hii umezidisha kamulia ndimu. Najua dini haikatazi mfungaji kuonja kwa ulimi akatema ila wenyewe wanaogopa, kwanini wajitaabishe na mdomo wangu upo bure. Na mama wa chumba cha mbele ambae ni Mkristo nilidhani tutagawana kazi, wapi, mwaka huu Kwaresma na Ramadhani zimeingia wiki mojamoja na yeye kafunga, Ijumaa ndo nyama haigusi kabisa. Kwahiyo uani kwetu sahivi mdomo ni mmoja. Juzi kaniletea kijiko cha maharage ya nazi nimuonjee, tukaangaliana tukacheka mpaka kadogo kakashtuka.

Ila usidhani ni raha tupu. Kula mchana wakati wenzio wamefunga kuna unyonge wake, hata ruhusa unayo. Wiki ya kwanza nilikua najifungia chumbani na kiporo kama mwizi, naweka redio ili kijiko kisisikike. Sikia sasa aliloniponza nalo Swabra. Yeye ana miaka 6 na mwaka huu kang'ang'ana anafunga, nimemwambia wewe bado, ukitaka funga nusu siku, mpaka adhuhuri unakula. Amekubali kwa masharti, lazima aamshwe daku na lazima akae na baba yake kwenye mkeka wakati wa kufuturu kama mfungaji kamili. Basi siku moja kaingia chumbani ghafla kanikuta na chapati. Hakusema kitu. Kaenda madrasa jioni, ustadhi kauliza nani hapa amefunga, mwanangu kasimama kasema, “Mimi nimefunga nusu, ila mama yangu anakula mchana na anafunga mlango.” Darasa zima, shoga! Na watoto wa uani kwetu wote wapo humo. Ustadhi Mungu ambariki hakucheka, kawafundisha palepale kwamba mama mwenye mtoto mchanga anaruhusiwa, na kafunga mlango kwa adabu asiwatamanishe waliofunga. Swabra karudi ananitangazia mimi hiyo hukumu kama vile naisikia leo. Toka hapo nakula jikoni, mlango wazi.

Twaha, mdogo wake Swabra, nae eti kafunga. Kafunga na muhogo mkononi. Ukimuuliza anasema “nimefunga, nakula kidogo tu.”

Haya, mihogo ya nazi uliyoniuliza, maana shemeji anailalamikia. Unasema tui linakatika, linakua kama maziwa yaliyoharibika. Shoga wewe unamwaga tui lote kwa mpigo alafu unafunika unaenda kulaza mtoto, ndo maana. Anza sokoni, mwambie muuzaji akuvunjie muhogo mmoja uone ndani, uwe mweupe, ukiona mistari ya buluubuluu ama nyeusi huo umelala siku nyingi achana nao. Menya utoe na lile ganda la ndani la waridi, katakata, uchemshe kwanza na maji na chumvi, ukianza kupasuka mwaga maji hayo. Ule uzi wa katikati toa sasa hivi ukiwa umelainika, unachomoka wenyewe, sio uhangaike nao ukiwa mbichi ujikate. Nazi ikune kwa mbuzi, najua una brenda lakini nazi ya brenda kwangu mimi haina utamu ule, utanisamehe. Kamua tui zito uliweke pembeni kwenye bakuli, machicha yatie maji ya vuguvugu ukamue la pili, hili jepesi ndo la kupikia, mimina kwenye mihogo na kitunguu na pilipili mbuzi nzima bila kuipasua, ichemke mpaka mihogo ianze kunywa. Hapo ndo unaleta tui zito, moto mdogo kabisa, na usiondoke. Simama hapo unakoroga taratibu kwa kulivuta na upawa, unalinyanyua unalimwaga, mpaka lianze kutokota pembeni ya sufuria, chumvi onja (wewe si una mdomo bure kama mimi), epua. Mtoto akilia mtu mwingine ambebe. Hizo dakika chache ni za tui.

Na kaimati zako ulizosema zinakua ngumu, ni kwa sababu donge lako zito, liwe laini mpaka likukere mkononi, ulipige sana, uliache liumuke vizuri. Basi.

Mi mihogo na maharage bado napikia mkaa, vingine gesi. Redioni wanasema serikali inataka mpaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi, na mimi mtungi ninao tangu kitambo, lakini kwenye maharage mtungi unaisha huku unauangalia, na nazi yenyewe mwezi huu ukiuliza bei pale soko la Stereo unaona bora uondoke na salamu.

Umeniuliza pia ibada nafanyaje na hawa watoto. Sina jibu zuri. Tarawehe siendi, msahafu nasoma kwenye simu kadogo kakiwa kananyonya, kurasa mbili tatu kanashtuka, naanza upya. Kwenye swala Twaha ananipanda mgongoni nikisujudu, na Mtume alipandwa na mjukuu wake akarefusha sijda mpaka ashuke mwenyewe, basi namimi narefusha, tofauti ni kwamba Twaha hashuki. Kuna siku nilimlalamikia baba Swabra kwamba Ramadhani inanipita nipo jikoni tu, sijafunga, siswali usiku, akasema si anayemfuturisha mfungaji anapata ujira kama wa aliyefunga bila wa mwenzie kupungua? Nikamwambia sawa, mimi navuna za watu wanne, ila kesho wewe ndo utakuna nazi uvune na wewe. Akakuna kweli. Nusu ganda lilikua humohumo ila alikuna.

Kuhusu huyo mama mkwe sasa. Usigombane nae, na shemeji usimtume akamsemee mama yake, itakua kubwa. Mi wangu nilikaa nae upande, nikamuuliza mama enzi zenu mkinyonyesha Ramadhani mlikua mnafanyaje? Akacheka, akaniambia walikua wanakula, wanajificha stoo. Kwahiyo muulize wako, huwezi jua na yeye ana stoo yake.

Idi mje basi. Toka treni ya umeme ianze kufika huko kwenu Dodoma 2024 huna tena kisingizio cha basi na kichanga, masaa manne hivi mko Dar, na mtoto analala njia nzima. Zabibu si bado zipo huko? Niletee ndoo ndogo, sio zile za kupangwa vizuri, zile za bei rahisi za kumwagwa tu maana huku kwetu haziishi nusu saa. Na vipimo vyako vya dera nitumie kabla kumi la mwisho halijaingia, fundi wangu akishajaa hapokei hata umlilie, ila pima upya mwaya, usinitumie vile vya kabla hujazaa.

Kadogo kameamka. Salamu kwa shemeji, mbusu mtoto, na kesho asubuhi nipigie picha hilo bakuli la uji nilione.

Wasalaam,
Mama Swabra