Kuku wa kwanza kufa asiliwe wala asiuzwe

Ndugu Mhariri,

Kuku akikutwa amekufa bandani bila jeraha, kaya nyingi humnyonyoa awe mboga, na waliobaki hupelekwa mnadani upesi kabla hawajaisha. Ndiyo safari ya kideri, au mdondo, ugonjwa wa kirusi unaoua kuku, kutoka kijiji hadi kijiji: ndani ya tenga, nyuma ya baiskeli.

Kifo kimoja si lazima kiwe kideri. Nyoka, sumu ya panya au yai lililokwama huua mmoja na mambo yakaishia hapo. Ila kabla hujajua, chukulia ni ugonjwa. Wafungie waliobaki siku hiyohiyo, bata nao. Mzoga usipasuliwe nyumbani, maana matumbo ndiyo yamejaa vimelea vya ugonjwa, na mafua makali ya ndege humpata hata binadamu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tukumbuke kwamba Januari 2017 yalithibitishwa Uganda, kando ya Ziwa Victoria. Vaa mfuko wa nailoni mkononi, shika mzoga, geuza mfuko uufunike, kisha tia ndani ya mfuko wa pili. Uweke kwenye barafu bila kuugandisha na umwite ofisa mifugo wa kata siku hiyo ili upelekwe maabara. Asipopatikana, fukia mita 1 kwenda chini na unyunyize chokaa. Shimo fupi mbwa hulifukua.

Angalia waliobaki: kinyesi cha kijani, kukoroma, mabawa kuning'inia, shingo kupinda. Mwenye dalili atengwe. Wazima walishwe kwanza, wagonjwa mwisho, kwa sababu ugonjwa hupanda kwenye viatu. Vyombo vioshwe kwa sabuni ndipo vilowekwe kwenye Jik, sehemu 1 kwa 9 za maji. Jik iliyomwagwa juu ya kinyesi imepotea bure.

Kosa kubwa zaidi ni kukimbilia chanjo kuku wakishaanza kufa. Chanjo huhitaji wiki 1 hadi 2 kujenga kinga, na mkono unaoshika mgonjwa ndio unaompelekea mzima ugonjwa. Tetrasaiklini, dawa ya bakteria, nayo haiui kirusi. Shubiri na pilipili vilevile. Chanjo ya kideri iitwayo I-2 hutolewa kwa kuku wazima, tone 1 kwenye jicho moja, kifaranga na jogoo sawasawa, kila baada ya miezi 3. Shikilia kichwa mpaka apepese, la sivyo tone litamwagika. I-2 huvumilia joto kuliko chanjo nyingine, lakini haivumilii jua. Kuku mgeni akae peke yake wiki 2.

Kinachowakwamisha wengi ni chupa. Mwenye kuku 12 hanunui dozi 100, na chupa iliyofunguliwa haisubiri wiki ijayo. Halmashauri zibandike tarehe za chanjo kwenye ofisi za vijiji, ili majirani wachangie chupa moja na kuku wachanjwe siku moja, alfajiri, kabla hawajafunguliwa.

Mfugaji,
Mwanza