Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyetuahidi mita 60

Mheshimiwa,

Kwa umri wangu ningestahili kuamkiwa mimi, lakini cheo ni cheo: shikamoo. Jina lako siliandiki. Unajijua, na sisi wa Kibosho, huku kwenye mteremko wa Kilimanjaro, tuliokaa juani saa tatu nzima kukusubiri siku ile ya ahadi yako ya kulinda ukingo wa mto, tunakujua pia.

Jumanne iliyopita msumeno wa mashine umenguruma bondeni kwetu tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kufika saa sita, mikuyu miwili na mringaringa mmoja ilikuwa chini, hatua kumi na nne kutoka kwenye jicho la chemchemi. Nimezihesabu mwenyewe, na goti langu hili bovu. Hatua kumi na nne haziwezi kuwa mita 60, hata angezipiga twiga.

Nakukumbusha, maana una mambo mengi. Ulisimama chini ya mkuyu mkubwa, kivuli chake ukakisifia, ukatutajia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwamba ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto mtu asifanye shughuli za kuharibu. Ukaahidi vigingi vya mipaka. Nisikudhulumu: vigingi vililetwa. Viko nyuma ya ofisi, vya zege, vyeupe, vina namba nyekundu. Kuku anatagia katikati ya namba 7 na namba 8. Wazee wetu hawakuwa na zege. Walizungushia chemchemi masale, mmea wetu wa mipaka, na Mchaga mwenye akili zake hakuvuka masale akiwa na shoka.

Mwaka jana tulipolalamika kwamba mfongo umekauka, mfereji waliouchimba babu zetu, tuliambiwa tuwe wapole, ni theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inayeyuka. Kweli inayeyuka. Tangu 1912 zaidi ya robo tatu ya barafu ile imetoweka. Lakini maji yangu hayatoki kwenye barafu, au yanatoka kidogo mno. Yanatoka msituni. Msitu wa upande wetu wa kusini hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Moshi mjini haifiki 1,000. Na kule juu zaidi, miti yenye ndevu hunasa ukungu ukadondoka matone hata siku isiyo na mvua. Maji hayo hufyonzwa na majani yaliyooza, huzama polepole kwenye mwamba wa volkano, kisha huja kuchomoza huku kwetu kiangazi, wakati mbingu imefunga. Ndiyo maana moto wa mlimani wa Oktoba 2020 ulininyima usingizi kuliko barafu. Barafu siwezi kukudai, Mheshimiwa. Mkuyu nakudai.

Labda kwako ni miti mitatu tu. Kihamba changu, shamba la nyumbani, ni nusu eka. Nikishakata mkungu, shina la mgomba nalikatakata kwa panga, vipande vinateleza mkononi kwa maji, ng'ombe anavila akiwa bandani. Baada ya siku mbili vinatoka samadi, narudisha kwenye shimo la mgomba uleule. Majani makavu nayalaza chini ya kahawa, yanaoza, wadudu wanakula, kahawa nayo inakula. Maharage ya katikati yananasa naitrojeni ya hewani kwa vifundo vya mizizi yake. Mama mkwe wangu alikula kwenye udongo huo maisha yake yote bila kununua mfuko mmoja wa mbolea.

Ila bila maji hakuna kinachozunguka. Mfongo ulipokauka, ndizi zilitoka nyembamba kama vidole vya mtoto. Malisho yakaisha. Nikanunua nyasi za tambarare mpaka fedha ya ada ikaingia humo, na mwezi wa pili nikamuuza ng'ombe. Hakuna ng'ombe, hakuna samadi. Sasa nakopa nipate urea, mimi niliyeolewa kwenye kihamba kilichokuwa kinajilisha chenyewe!

Halafu Alhamisi ikanyesha. Pale miti ilipokuwa, maji yalishuka na udongo wote wa juu, ule mweusi unaobonyea ukiukanyaga. Unaingia mto Karanga, unaingia Weruweru, unaingia Kikuletwa, unaishia bwawa la Nyumba ya Mungu. Wavuvi wa bwawani wanitumie walau perege mmoja, maana wanavua kwenye mbolea yangu. Na Mto Pangani unaotoka pale bwawani ndio unaozungusha mitambo ya umeme huko chini, kwa hiyo hata feni ya ofisini kwako inalijua bonde letu.

Kibali alitoa nani? Wapo wanaosema hiki, wapo wanaosema kile. Mimi nadhani hakuna kibali, kuna simu tu. Siwezi kuthibitisha. Ninachojua ni kwamba Fuso la magogo lilipita kizuizini mchana kweupe bila kusimama, na mimi nikibeba gunia moja la mkaa naulizwa risiti.

Nilikuwa nimeandika mengi ya kuomba: miche, mfongo uzibuliwe, fidia ya ng'ombe. Nimeyafuta. Vigingi, kama gari halina mafuta, tuambie tu. Tutapiga msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tuvibebe mabegani, kuku tutamhamisha kwanza.

Naomba mkuyu mmoja uliobaki. Ule ambao wewe ulisimama kivulini mwake. Umeshapigwa alama ya chokaa kwenye shina. Naomba huo tu, Mheshimiwa. Ulipiga simu nyingi siku ile ukiwa chini yake, mtandao unashika vizuri. Piga nyingine moja, leo, usingoje kikao. Msumeno wameuacha kwa jirani yangu, na wamesema wanarudi Jumatatu.

Wako,
Mama wa kihamba cha chini ya mfongo, Kibosho