Usiandike "mistake" kabla hujajua nani atalipa

Barua nyingi za kuomba radhi tunazoletewa tuzihariri zina neno moja la Kiingereza linalofanyishwa kazi ya maneno kumi: "mistake". Tarakimu imerukwa kwenye ankara, "mistake". Mzigo umefika umevunjika, "mistake". Mhasibu kasahau kuambatisha cheti, "mistake" tena, safari hii na "very big" mbele yake ili mteja wa ng'ambo aone jinsi tulivyonyenyekea. Kunyenyekea si vibaya. Ila barua hiyo ikifika haisomwi na mnunuzi peke yake. Mambo yakichacha inapelekwa kwa mtu wa bima, pengine hadi kwa wakili, na hao wanatafuta jambo moja tu: nani kakiri kosa, na kosa lenyewe lina ukubwa gani.

Tuanze na madogo. Kidole kikigonga herufi isiyo yake, hiyo ni "typo", na hakuna anayekunja uso akiisoma. Inafaa kwenye baruapepe. Kwenye barua rasmi andika "clerical error", kosa la karani, hata kama karani ni wewe mwenyewe mwenye kampuni. Mahakama nazo zina makosa ya namna hii: kifungu cha 99 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Kenya kinairuhusu korti kusahihisha wakati wowote makosa ya uandishi au ya hesabu kwenye hukumu, pamoja na yale yanayotokana na "accidental slip or omission". Kama hakimu anaruhusiwa kuteleza, nawe unaweza kuandika "slip" bila kujiona umefilisika.

Sasa tazama chini ya kitabu chako cha ankara. Huenda pamechapishwa "E. & O.E.", na huenda hujawahi kuuliza ni nini. Kirefu chake ni "errors and omissions excepted": muuzaji anajiwekea nafasi ya kurekebisha akigundua amekosea hesabu au ameacha kitu. Haimaanishi unaweza kupandisha bei mzigo ukiwa tayari baharini, ingawa tumewaona waliojaribu.

Kwa wanaouza nje kwa LC, ile ahadi ya benki kwamba muuzaji atalipwa nyaraka zikiwa sawa, herufi na tarakimu hazina uzito mmoja. Mwongozo wa Chama cha Wafanyabiashara cha Kimataifa ambao benki hukagulia nyaraka unasema kosa la tahajia lisilobadilisha maana haliangushi hati. Mfano wanaoutoa ni mtu aliyeandika "mashine" badala ya "machine". Wenyewe wameliweka kama kosa, nasi tulilisoma mara mbili tukitafuta kosa liko wapi. Lakini ukiandika modeli 123 mahali pa 321, hilo si "typo" tena. Benki huliita "discrepancy", na malipo yanaweza kukwama hapo hapo. Ukikutana na neno hilo kwenye ujumbe wa benki, usijibu kwa kuomba radhi. Peleka hati iliyosahihishwa, na uipeleke kabla muda wa LC haujaisha.

Kuna na "oversight", neno tunaloliogopa kuliko yote. Ni kitu kilichopita machoni bila kuonekana, lakini pia ni usimamizi. Mteja mmoja alitaka kusema mizigo ilifungwa chini ya uangalizi wake, akaandika "packed by our oversight". Msomaji wa Kiingereza anaelewa kwamba ilifungwa kwa bahati mbaya. Tuliiona kabla haijatumwa.

Tukija kwenye makosa ya mikono, ya kufunga na kubeba mzigo, hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Chukua kinyago cha mawe ya Kisii, kile cha kiboko na mwanawe. Jiwe hilo, linalochimbwa Tabaka huko Kisii, ni laini, ndiyo maana linachongeka vizuri, na ndiyo maana sikio linakatika likigongwa tu. Mnunuzi anatuma picha ya sikio lililolala kwenye vipande vya magazeti. Wewe unaandika upesi, "sorry for our mistake". Kosa gani? Kama boksi limebonyea pembe moja, inaelekea liliangushwa njiani: hiyo ni "rough handling", na anayeulizwa ni aliyelibeba. Kama boksi ni zima na ndani kiboko alikuwa anacheza, hapo ni "inadequate packing", nawe ndiye mfungaji. "Mishandled" ni pana zaidi. Mashirika ya ndege hulitumia hata kwa begi lililochelewa tu, kwa hiyo peke yake halitoshi kusema kitu kimevunjika. "Fumbled" liachie wacheza mpira. "Botched" na "bungled" ni ya kumkaripia mtu aliyeharibu kazi, na ukiyaandika juu ya kampuni yako unakuwa umempa mnunuzi fimbo.

Mzigo ukiwa umeenda kwa ndege, kuna saa inayohesabu. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imo, mpokeaji wa shehena iliyoharibika ana siku 14 tangu aipokee kulalamika kwa maandishi kwa mchukuzi. Akinyamaza siku hizo zikapita, hawezi tena kumshtaki mchukuzi, isipokuwa mchukuzi alifanya udanganyifu. Ndiyo maana barua ya kwanza inayotoka kwako iwe na maombi ya picha za boksi pande zote, na kumhimiza alalamike kwa waliomletea. Radhi ndefu haina haraka.

Na "sorry"? Sisi tunaitumia kama pole. Jirani akijikwaa tunasema "sorry" ingawa hatukumsukuma. Mzungu akiisoma kwenye barua ya biashara anaweza kudhani umekiri. Andika "we are sorry to learn that the carving arrived broken" na umempa pole bila kujitwika mzigo wa mwingine. Kama kosa ni lako kweli, sema hivyo waziwazi. Hatuandikii mtu barua ya kuficha alichokifanya. Tunamwandikia ya kukitaja kwa kipimo chake.

Ukituletea kazi ya namna hii, leta baruapepe ya mteja yenyewe, si muhtasari wa ulichoelewa, pamoja na picha, ankara, na nakala ya hati ya usafirishaji. Barua ya ukurasa mmoja hurudi siku hiyo hiyo ikitufikia kabla ya saa sita mchana. Kama umeshatuma ya kwanza, ilete pia, maana ya pili haiwezi kuandikwa kana kwamba ile haipo.