Katavi twende kiangazi

Kamwene Mama Upendo,

Za Iringa, watoto hawajambo? Huku Mbeya tupo, baridi ndo hivyo tena unaijua. Meseji yako ya kwenda Hifadhi ya Katavi imenifurahisha sana yani, ila kwenda Pasaka hapana dada, hapo nakukatalia. Pasaka bado masika, udongo wa kule mweusi unanata, gari likizama limezama, na wanyama wametawanyika maana maji yako kila mahali.

Twende mwishoni mwa Septemba au Oktoba mwanzoni. Jua kali kweli, lakini hapo ndo Mto Katuma unabaki madimbwi tu, viboko wa eneo zima wanarundikana humo wamebanana mgongo kwa mgongo, matope yamewakauka juu, mmoja akijigeuza basi zogo linaanza dimbwi zima na madume yanatoana damu kugombea nafasi. Mamba nao wanajichimbia mapango kwenye kingo za mto, wanalala humo kukimbia jua, unaona pua tu imechomoza. Nyati makundi kwa makundi. Masika hayo yote huyapati.

Najua utasema Ruaha iko hapo kwenu, na kweli naipenda, tandala wakubwa na wadogo wote wapo, ila Ruaha kutoka Iringa unaenda wikiendi yoyote ya kiangazi. Katavi ni hifadhi tangu 1974 na watu wetu wengi wanaipita na basi tu, barabara ya Sumbawanga kwenda Mpanda inakatiza humohumo, mtu anaona twiga dirishani basi kashafika Katavi. Inaniuma. Mimi nataka tulale, angalau siku tatu, tufikie Sitalike pale makao makuu, asubuhi tutembee kwa miguu na askari mwenye bunduki kuangalia viboko, alafu ndo tuzunguke na gari mpaka Ziwa Chada. Na ule mkwaju wa Ziwa Katavi, ambao wazee wanasema mzimu Katabi anakaa hapo na watu wanampelekea sadaka, nao nataka niufikie.

Nguo za bluu na nyeusi usibebe hata moja, ndorobo wanazifuata hizo rangi na wanang'ata mpaka juu ya shati, beba kaki, mikono mirefu. Sweta pia, tutalala Sumbawanga njiani na kule baridi kama hapa. Kitambulisho cha NIDA usisahau, cha kuonyesha upate kiingilio cha mwananchi.

Noah yenu iacheni Iringa, njooni na basi, huku tutakodi Land Cruiser tupitie Tunduma. Mafuta tujaze Sumbawanga, na yakipungua Mpanda siyo mbali na Sitalike, kama kilomita 35.

Ongea na Baba Upendo wiki hii unijibu, mwenye gari anataka advansi mapema maana Oktoba yanagombaniwa. Wasalimie wote, mwambie Upendo shangazi anamtunzia parachichi za Rungwe.

Wako,
Mama Lusajo