RISALA YA KAMATI YA JIKO LA HEKALU LA MASINGASINGA KWA MGENI RASMI, SIKUKUU YA VAISAKHI

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa serikali na wa dini, wazee wetu na majirani: Sat Sri Akal.

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko, na zaidi kwa kufika mwenyewe, maana tumezoea kupokea wawakilishi.

Historia yetu kwa ufupi. Dini hii ilianzia Punjab, India ya zamani, na Guru (yaani mwalimu) Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Guru Arjan alikusanya maandiko, yakawekwa Amritsar mwaka 1604. Miaka miwili baadaye aliuawa Lahore. Vaisakhi ya mwaka 1699 Guru Gobind Singh alianzisha Khalsa, jumuiya ya waumini walioapishwa, kule Anandpur, na alipofariki mwaka 1708 uongozi wa Guru ulibaki kwa kitabu, Guru Granth Sahib. Huku Afrika Mashariki, wazee wetu wengi waliletwa na ujenzi wa reli ulioanzia Mombasa mwaka 1896. Mengine unayajua.

Kwa upande wa mafanikio, Kamati imepaka geti rangi na kuanzisha maktaba, ambayo kwa sasa ni kabati moja, ila limejaa.

Ndugu Mgeni Rasmi, kilio chetu ni maji. Tangu enzi za Nanak, anayefika hekaluni hula langar, chakula cha jiko la hekalu, bure, awe wa dini yoyote, wote wameketi chini sawasawa. Hapa wanakula madereva wa malori, wanafunzi na wapita njia. Dengu zao tunazipika kwa maji ya madumu, ya kununua, yanayoletwa kwa mkokoteni. Bomba la jikoni linatoa upepo.

Ahadi ya kisima tumekwisha kuipata, tena si mara moja. Mgeni mmoja aliweka hata jiwe la msingi. Liko nyuma ya jiko, kina mama wanaanikia matambara. Mwingine alituma wapimaji, wakachomeka vigingi, wakala, wakaondoka. Barua zetu bado "zinafanyiwa kazi". Hatumlaumu mtu, wageni wetu wana majukumu mengi.

Tunaomba kisima kirefu, pampu na tangi. Mnara wa tangi na mitaro tutajitolea wenyewe, mafundi tunao. Tunaomba pia, kwa heshima zote, utaje tarehe hapa hadharani kabla ya chakula. Inasimuliwa kwamba hata Mfalme Akbar wa India alikula kwanza ndipo akaonana na Guru Amar Das, Guru wetu wa tatu. Leo tumebadilisha utaratibu kidogo.

Tunaomba kuwasilisha.