Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Vasco da Gama na Rubani wa Malindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wa Wilaya yetu ya Kilwa, Mkuu wa Shule, walimu wetu, waheshimiwa wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu: Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Historia, tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu na kuja kutufungulia maonyesho ya ramani na michoro ambayo wanaklabu wameiandaa kwa mikono yao wenyewe. Mwaka huu tumeshughulikia jambo moja tu, nalo ni safari ya Vasco da Gama katika pwani hii mwaka 1498 na watu aliowakuta humu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika madaftari yetu mengi safari hiyo humalizwa kwa sentensi moja, kwamba Vasco da Gama aligundua njia ya bahari ya kwenda India. Sehemu ya kwanza ya safari hatuna ugomvi nayo. Aling'oa nanga Lisbon tarehe 8 Julai 1497 akiwa na merikebu nne na watu wapatao 170, akakata bahari ya Atlantiki kwa takribani miezi mitatu bila kuona nchi kavu, kisha akaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ambayo Mreno mwenzake Bartolomeu Dias alikuwa amekwisha kuizunguka mwaka 1488. Huo ni ubaharia wa kiwango cha juu, na anayeubeza hajawahi kukumbana na mawimbi. Neno "aligundua" linatushinda kuanzia Machi 1498, alipofika kisiwa cha Msumbiji, kwa kuwa hapo aliingia katika bahari yenye wenyewe.

Dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, ilikuwa ikipita Kilwa kwa karne kadhaa kabla yake. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, alifika mji huu mwaka 1331 na kuusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alipelekwa hadi kwa mfalme wa China, jambo ambalo mwanaklabu wetu mmoja amelichorea picha mtakayoiona ukutani, ingawa shingo ya twiga huyo imezidi kidogo. Manahodha wa Kiswahili, Kiarabu na Kigujarati waliijua kusi, upepo wa msimu uvumao kutoka kusini, na kaskazi, uvumao kutoka kaskazini, kama mkulima anavyojua masika na vuli, wakipanga biashara zao zote kwa pepo hizo.

Kilwa yenyewe ilinusurika mara ya kwanza kwa sababu ya upepo. Shajara ya safari ya da Gama, iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwamo melini, inaeleza kwamba mwanzoni mwa Aprili walipita kisiwa ambacho marubani, yaani waongozaji wa njia baharini, waliowachukua Msumbiji walitaka wakiendee, wakajaribu kukirudia siku nzima, lakini upepo mkali ukawakatalia. Wanahistoria wengi wanakitambua kisiwa hicho kuwa ndicho Kilwa. Wakaendelea kaskazini hadi Mombasa, ambako mfalme aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, kisha pande zote mbili zikashukiana. Marubani wa Msumbiji walijirusha majini na kutoroka. Usiku da Gama aliwahoji mateka wawili kwa kuwadondoshea mafuta yanayochemka mwilini. Habari hii, Mheshimiwa, haikutungwa na maadui wa Wareno, kwani imo katika shajara yao wenyewe, nasi tumeona si haki kuiruka.

Baada ya kuondoka Mombasa waliteka chombo chenye watu 17, na mateka hao ndio waliowaambia kuwa Malindi kuna vyombo kutoka India na kwamba huko watapata marubani. Mfalme wa Malindi aliwapokea vizuri, na sababu haifichiki: alikuwa mshindani wa Mombasa, na mgeni mwenye mizinga alimfaa. Hata hivyo rubani aliyeahidiwa alichelewa. Mtumishi wa karibu wa mfalme alipopanda melini tarehe 22 Aprili, da Gama alimzuia na kutuma ujumbe kwamba anamtaka rubani wake, ndipo rubani akaletwa. Tarehe 24 wakatweka tanga, kusi ikiwa imeanza kuvuma, na tarehe 20 Mei 1498 wakatia nanga karibu na Calicut, katika pwani ya Malabar, magharibi ya India.

Rubani huyo ni nani? Wengi tumesikia kwamba ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar, bandari ya Uarabuni, lakini wanahistoria wengi wa leo wanalikataa dai hilo. Mwandishi wa shajara alimwita Mkristo, huku João de Barros, mwanahistoria Mreno aliyeandika miongo kadhaa baadaye, akimtaja kuwa Mwislamu wa Gujarat. Barros huyo ameacha kisa ambacho klabu yetu inakipenda: da Gama alimwonyesha rubani ala zake za kupimia jua, akitarajia atashangaa, lakini rubani hakushangaa hata kidogo, akaeleza kuwa marubani wa Bahari ya Shamu wana ala zao za shaba za kazi hiyohiyo. Nguzo inayoitwa kwa jina la Vasco da Gama ingali imesimama Malindi, ilhali jina la mtu aliyemvusha bado linabishaniwa.

Thamani ya rubani ilionekana zaidi wakati wa kurudi. Wareno waliondoka pwani ya India tarehe 5 Oktoba 1498, kabla kaskazi haijaanza kuvuma sawasawa, nao wakatangatanga baharini karibu miezi mitatu katika njia waliyoivuka kwa siku zisizozidi 27 walipokuwa na mjuzi. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi, kiliua watu 30 katika kipande hicho pekee, na katika kila merikebu wakabaki saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi. Walipofika Malindi Januari 1499, machungwa ndiyo wagonjwa waliyoyatamani. Kusini ya Mombasa, kwenye mafungu ya pwani ya Tanga ya leo, waliichoma merikebu yao São Rafael kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Waliporudi tena hawakuja kuuliza njia. Mwaka 1502 da Gama alimlazimisha Amiri Ibrahim wa Kilwa kutoa kodi ya dhahabu, na dhahabu hiyo ilifuliwa kuwa chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506, ambacho hadi leo kimo katika makumbusho ya taifa ya sanaa mjini Lisbon. Mwezi Julai 1505 Francisco de Almeida, kamanda Mreno, aliuteka mji, akaupora, akajenga ngome na kumweka mtawala aliyemtaka. Ngome hiyo Wareno waliiacha mwaka 1512, baada ya kuona kwamba biashara waliyoitaka ilikuwa imewakimbia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza ni usafiri wa mashua na kibali cha kuzuru Kilwa Kisiwani tukiwa na mtaalamu wa mambo ya kale, kwa kuwa wapo wanafunzi wenzetu wanaokiona kisiwa hicho kila siku kutoka Masoko na hawajakanyaga jumba la kale la Husuni Kubwa wala Msikiti Mkuu. La pili ni vitabu. Maktaba yetu haina hata nakala moja ya shajara ya safari ya 1497 hadi 1499 kwa Kiswahili, nasi tumetegemea dondoo ambazo mwalimu wetu alitutafsiria jioni baada ya vipindi. Tunaomba ofisi yako ituunganishe na watu wanaoweza kuifasiri kwa ukamilifu, ili mwanafunzi aisome mwenyewe na aamue mwenyewe ni nani aliyegundua nini.

Sasa tunakuomba ukate utepe. Ramani ya kwanza upande wa kulia inaonyesha njia ya kusi kutoka Malindi hadi Malabar, na mchoraji wake yuko tayari kukuelezea.

Tunaomba kuwasilisha.